La-la-la ya Mjomba

Jumanne, 4 Machi
Sijawahi kumwambia mtu: yule Jicho Pembeni wa ukurasa wa vijana gazetini ni mimi. Na filamu niliyoisifu leo niliitazama kwa wizi, mwezi uliopita. Mhariri wake ni Mjomba. Huikata na kuiunga kwenye kompyuta yake, hapa hapa sebuleni kwetu. Alipokwenda kwa kinyozi, nikaifungua.

Ni vichekesho kuhusu biashara ya muziki. Mwimbaji maarufu anafungua kinywa mbele ya uwanja uliofurika – inatoka sauti ya mwanamume aliyechoka, la-la-la, bila neno hata moja. Mashabiki wanazimia! Nilivunjika mbavu. Nikaandika kwamba hiyo ndiyo dhihaka kali kuliko zote: wanauza sura, wimbo haupo.

Ijumaa, 7 Machi
Uzinduzi. Mjomba alitupa tiketi, Mama na mimi. Mwimbaji akafungua kinywa – akaimba vizuri. Wimbo mzima, na vinanda. Ile dhihaka niliyoisifu gazetini haikuwemo.

Njiani nikamuuliza Mjomba, kama mtu asiyejua kitu, nyimbo zilirekodiwa lini. Wiki ya mwisho, akasema. Kabla ya hapo alijaza nafasi kwa sauti yake mwenyewe, apate kujua pa kuikata picha.

Yule mwanamume aliyechoka alikuwa Mjomba.

Jumapili, 9 Machi
Wahakiki watatu wameiandika filamu, na wote wamemsoma Jicho Pembeni. Mmoja kaiita filamu kibogoyo. Mwingine anauliza ni nani aliyeogopa akaiondoa la-la-la. Wa tatu anataka arudishiwe jioni yake.

Jumanne, 11 Machi
Mtayarishaji wa filamu ameng'amua: Jicho Pembeni aliona nakala mbichi, na nakala hiyo alikuwa nayo Mjomba tu. Mjomba kaitwa kesho saa mbili asubuhi. Kazi ya filamu ijayo imesimamishwa. Mama anasema hasidi hana sababu, na akaniongezea chai.

Nilimfuata Mjomba chumbani na sentensi yangu tayari: Jicho Pembeni ni mimi. Akanitangulia.

"Nitawaapia, mpwa wangu. Humu ndani hakuna mkono mwingine uliogusa ile kompyuta."

Kisha akacheka kidogo. "Ila huyo mwehu ndiye mtu pekee aliyewahi kuisifu sauti yangu."

Akanipa shati lake jeupe, la kesho. Nikachomeka pasi, nikanyunyiza maji, nikaanza na kola.