Bi Nasra na handaki la Warumi

Ghalia, niko kwenye treni narudi Ilford.

Leo Riyadh alikuwa na mhadhara makumbusho, habari za handaki walilochimba Warumi mpakani mwao kule kaskazini mwa Uingereza. Mimi nimejikalia nyuma kama simjui. Mamake, Bi Nasra, yuko mbele.

Riyadh akaeleza kwamba handaki halikuwa la kuzuia watu, lilikuwa la kuwalazimisha wapitie langoni.

Bi Nasra akanyanyuka. Kwa Kiswahili, mbele ya wazungu wote: "Na huyo mtoto wa watu uliyemficha nyuma, kila siku unamchimbia mahandaki. Lango utamfungulia lini?"

Yaani anajua, shoga. Anajua kitambo.

Mwenyekiti akaomba tafsiri. Riyadh, jasho linamtoka, akasema mama anauliza lango lilikuwa na upana gani.

"Muongo," Bi Nasra akasema, akawatafsiria mwenyewe kwa Kiingereza. Ukumbi mzima ukanigeukia mimi.

Riyadh akajibu kwa Kiingereza hichohicho, "Jumapili tunakwenda kwao kuposa."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mie.

Jumapili hii, Ghalia. Na mamangu hajui hata kama nina mtu.