Wapige Kelele Tu

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema hakuna dawa iliyobaki, tumrudishe mke wangu nyumbani. Kitanda chake nimekiweka chumba cha nyuma ya kaunta ya baa yetu, kilichokuwa karakana yangu ya useremala. Bado kunanukia mbao. Mke wangu kafurahi — eti ananusa ujana wetu!

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kaja kumuuguza dada yake. Hata hajakaa vizuri: nifunge baa, ni aibu watu kulewa na mgonjwa yumo ndani. Nikakubali. Mke wangu akasikia. Akaniuliza nani alinitoa kwenye kuchonga majeneza. Ni yeye. Miaka yote ile kila aliyenibishia hodi alikuwa analia, mpaka akachoka: "Baba watoto, tufungue baa. Watu waje kwako wakicheka." Tukauza randa na misumeno, tukanunua friji.
Baa haifungwi.

Ijumaa, 7 Machi
Wateja wananong'ona kama wako msibani. Hata muuza nyama, tunayemwita Spika — akiagiza bia moja kijiji kizima kinajua! Mke wangu kagonga ukuta. "Mbona kimya? Nimeshakufa?" Nikatoka kuwasihi wapige kelele. Spika akacheka kwa kujilazimisha, kisha wakajisahau, wakaanza kubishana mpira. Yeye huko ndani anatabasamu. Shemeji kanuna.

Jumapili, 9 Machi
Leo nimejichukia. Nambadilishia shuka, jicho likampima lenyewe. Utosi hadi kisigino. Kazi ya mikono haimtoki mtu. Akaniona! "Fundi, unanipima?" Nikaapa sikupima. Akacheka mpaka kikohozi kikambana. "Usizidishe, nimekonda. Utaharibu mbao bure."
Nimeenda stoo, nikalia kati ya kreti tupu. Nampenda huyu mwanamke.

Jumanne, 11 Machi
Hajatia kitu mdomoni tangu jana. Jioni hii kaniambia niache mlango wa kati wazi, nikahudumie watu. Baa imejaa. Spika anasimulia mbuzi wake alivyoingia ofisi ya mwenyekiti akatafuna mhuri. Watu hoi! Na mke wangu alikuwa anacheka nao, nilimsikia.
Sasa simsikii. Naandika hapa kaunta ili nisiingie.
Shemeji katokea mlangoni, mkono mdomoni. Spika kamwona, kakatisha, ananitazama mimi. Wote wananitazama.
Nimemwambia amalizie ya mbuzi.