Ijumaa Mkono Ulipovimba

Mume wangu mdogo Masanja,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Pasiansi. Babu yako anakohoa kidogo, mama yako yuko shambani. Mimi nimechoka tu, lakini nipo.

Unauliza mbona umefunga wiki tatu huko shuleni, unasali, na Mungu yuko kimya.

Mwaka ule babu yako alipopunguzwa kazini, nilikaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishaondolewa. Jirani yetu Mama Kulwa naye alikaanga, tukagombania wateja mpaka matusi. Kwaresima ilipoanza nikamwambia Mungu, nafunga ugomvi. Kumbe nilichofunga ni salamu. Nilimpita Mama Kulwa kama mti, nikajiona mtakatifu.

Ijumaa moja mwiba ulinichoma, mkono ukavimba nikashindwa kushika mwiko. Mapanki yanaanza kunuka, na ndiyo riziki ya nyumba nzima. Mama Kulwa akaniona kutoka uani kwake.

"We mama, hiyo Kwaresima yako itakuua. Lete mkono!"

Akaukanda kwa maji ya moto na chumvi, kisha akanikaangia yote, huku ananisema. Njia ya Msalaba ikanipita nimekaa kwenye kigoda chake, nalia.

Sikusikia sauti yoyote, mjukuu wangu. Mkono tu ulipoa, nami nikaweza kumwambia asante.

Mama Kulwa anakusalimu. Barua hii anaipeleka yeye posta, maana leo miguu yangu imegoma.

Bibi yako