Sahihi ya Nyumba ya Mapadri

Jumatatu, 10 Februari 2025

Nimepata sahihi! Mzee Kasimiri, mtoto wa marehemu mkuu wa ukoo uliowapa mapadri wa kwanza kiwanja, amesaini ridhaa. Sasa nyumba yao ya mawe itaezekwa upya na kuwa makumbusho. Mafundi wanaanza Jumatatu ijayo. Nilisoma kila mstari mara tatu kabla ya kugonga muhuri wa kamati ya makumbusho. Muhuri umekaa sawa.

Jumatano, 12 Februari

Nimepanda kupima kuta na fundi Raphael. Unene sentimita sabini — mawe ya mtoni na udongo. Mbao za madirisha bado ngumu. Lakini paa wazi upande wa mlimani, na ukuta wa huko umeshiba maji ya vuli. Raphael anasema hautavumilia masika mengine. Na tusithubutu kupaka saruji: chokaa tu, ukuta upumue. Nimeandika yote. Tuna mwezi mmoja. Inatosha.

Alhamisi, 13 Februari

Balaa.

Mama Editha, katibu wa kamati, kasoma ridhaa, kavua miwani. Kasimiri? Huyu si wa ukoo ule! Nikasema ni mtoto kabisa wa marehemu, nimeona cheti cha kuzaliwa. Akanitazama kwa huruma. "Binti, huku Uluguru ardhi inafuata mama. Kasimiri ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye neno ni Twalibu wa Bigwa, mtoto wa dada wa marehemu." Na Mzee Twalibu ameshasikia. Hataki kuona karatasi yetu.

Nikampigia Mzee Kasimiri. Hakushtuka hata kidogo. "Uliniuliza kama yule ni baba yangu. Si baba yangu? Ardhi ya nani, hukuuliza. Na karatasi ina muhuri, mwanangu, ningekataaje?"

Shahada nzima, na sikuuliza swali moja! Kwetu Bukoba mtoto wa kiume ndiye anayerithi. Nikadhani dunia nzima ni Bukoba.

Ijumaa, 14 Februari

Mama Editha alitaka kutuma barua ya kuomba radhi. Nikasema hapana, kosa ni langu, nitakwenda mwenyewe.

Jumamosi, 15 Februari. Bigwa, barazani kwa Mzee Twalibu

Nimepiga magoti. Shikamoo, mjomba. Aliitikia akiendelea kumenya viazi. Nikaeleza kila kitu, hata cheti. Kisha akauliza: mtu wa wapi wewe? Bukoba. Akacheka mpaka kisu kikaanguka. "Ndiyo maana! Shamsia, njoo umwone aliyemrithisha Kasimiri shamba letu!"

Shamsia ni dada yake. Katoka, kanitazama juu mpaka chini. Kasema mapadri walikuja hapa wakiwa na homa, bibi wa bibi yao ndiye aliyewaonyesha pa kujenga. Jina lake liko kwenye makumbusho yenu? Nikasema halipo. Nikasema nitaliandika mimi, la kwanza, mlangoni. Sikumwuliza mtu ruhusa. Loo, Mama Editha!

Wameingia ndani na karatasi mpya ya ridhaa niliyokuja nayo. Dada asipokubali, kaka hasaini — hilo sasa nalijua. Wanazungumza Kiluguru, nasikia tu "Bukoba" na kicheko.

Mzee katoa kichwa dirishani, kaomba kalamu. Nimempa yangu. Naandika kwa penseli.

Shamsia bado anasema, sasa kwa Kiswahili ili nisikie: jina la bibi liandikwe kwa herufi kubwa.