Mara Kumi, Si Zaidi

Chumba cha juu, nyuma ya karakana ya kushonea,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijino,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimetulia? Mimi mzima upande mmoja, wa kushoto. Nisamehe mwandiko, huu ni mkono wa kulia unatambaa.

Leo ni wiki ya tisa tangu niteleze karakanani, sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki. Nilijikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavunjika. Daktari anasema tangu hedhi ikome, miaka sita sasa, mifupa inapungua kimyakimya. Miaka sita naibiwa na sijui. Hedhi yako ilikoma mwaka jana, kwa hiyo usinicheke. Nenda ukapimwe mifupa.

Plasta ilitolewa baada ya wiki sita, na mkono uliotoka humo si wangu. Umekonda, umekakamaa. Nilipojaribu mkasi mkubwa wa kukatia, uliniponyoka mbele ya mafundi wote. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa karatasi: kukunja na kukunjua kifundo ukingoni mwa meza, kukamua taulo kwenye maji ya uvuguvugu, kugeuza kiganja juu kama anayedai chenji. Kila zoezi mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki sita. Unanijua. Nikazidisha, nikapata 1,260 kwa kila zoezi. Nikaona wiki sita za nini? Nikafanya 315 kwa siku, nikazimaliza kwa siku nne.

Mkono ukavimba kama uliopigwa pampu. Kifundo kilichokuwa kinainuka digrii thelathini na tano kikarudi ishirini.

"Mama, hii si oda ya sare za shule," mtaalamu aliniambia. Naanza upya.

Na mwanangu amemweka mkataji mwingine kwenye meza yangu. "Kwa muda tu, Mama." Miaka ishirini na sita hakuna mwingine aliyekatia pale. Anasema Septemba ikifika sijashika mkasi, atamwachia meza kabisa. Wateja wananiita Mama Mkasi, Kijino. Wataniita nani? Mkwe wangu, niliyemfundisha kutoboa matundu ya vifungo, ndiye anayenifunga vifungo vya gauni.

Nimeishiwa na maarifa. Nikiwa peke yangu na lile taulo siwezi kusimama kwenye kumi. Naona Septemba, naongeza. Njoo, mdogo wangu. Nipe siku arobaini na mbili. Kaa mbele yangu na hiyo karatasi, unihesabie, na nikifika kumi uninyang'anye taulo hata nikikutukana.

Kuandika nako ni zoezi: ukurasa mmoja, na niache maumivu yakianza. Msalimie shemeji, binti yako mkubwa, mama mkwe wako, na

Yameanza. Nikitia sahihi itabaki mistari minne. Leo naiacha mitupu.

Mungu akutunze njiani.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Mama Mkasi