Tao Langu Limezuia Gari la Zimamoto

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla baba mkwe hajagombana na kikosi kizima cha zimamoto kwa ajili yangu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimeoa miaka saba sasa, na miaka yote hiyo mzee hakuwahi kunisifu hata kwa kufunga mlango vizuri, hadi mwaka jana nilipomtengenezea tao la chuma pale wanapoingilia kichochoro chao, lenye maua na maneno ya kukaribisha wageni, akalipenda mpaka akawa anapeleka watu kulitazama. Sasa kiangazi kimeingia, kilima nyuma ya nyumba zao kimekauka na upande wa pili umeshaungua, zimamoto wakaja kujaribu njia, gari likakwama palepale, king'ora kimegusa maua yangu. Kwa aibu nikadakia kwamba gari lao ndilo limezidi kimo, mzee akaamini, na kila kikao cha mtaa anasimama kusema, "Mkwe wangu hakosei vipimo. Waje na gari dogo." Mshauri, sikupima kitu. Nilisimama juu ya pikapu yangu, nikanyoosha mkono, nikaona panatosha. Na nyumba yao ndiyo ya mwisho, chini ya kilima, na mama mkwe anatembea kwa magongo. Nikisema ukweli nimepoteza sifa pekee niliyowahi kupata, nikinyamaza chakula hakipiti. Nifanyeje?

Fundi Mkono

Fundi, pole, ila pole yangu ni fupi. Nimecheka kwanza, halafu nikakasirika. Sifa ya mkwe ni tamu, sikulaumu kwa kuionja. Lakini umemwacha mzee wa watu atetee mkono wako mbele ya mtaa mzima, na moto ukishuka kilima haumsubiri mama mkwe atafute magongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kesho asubuhi nenda kwa mzee peke yako, usimtume mkeo. Usianze na habari za mvua. Mwambie, "Baba, sikupima. Nilikosea mimi, nikasingizia gari la watu." Atanuna. Mwache anune, kunyamaziwa siku mbili hakujawahi kuua mkwe.

Kisha nenda kituo cha zimamoto, uliza kimo na upana wa gari lao, uandike kwenye karatasi, si kichwani. Wakikubali tao libaki, refusha nguzo. Wasipokubali, ling'oe ukalifunge kwenye ukuta wa baraza la mzee, wageni watalisoma vilevile. Kateni na matawi yanayolalia njia, pikapu yako, kama huwa unaiegesha kichochoroni, itoke humo, na kila geti lichomelewe namba kubwa, maana mzimamoto hawezi kupiga hodi nyumba kumi akiuliza inayoungua ni ipi.

Ukimaliza, waite waje wajaribu tena mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama. Waombe baba mkwe akae kiti cha mbele, pembeni ya dereva, na gari lisisimame mpaka mlangoni kwa mama mkwe.