Trekta Nililoliua Mimi

Mwera, Pangani

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake ninaiweka hapa hapa; mfikishie kabla hujaendelea kusoma, maana ukifika katikati ya barua hii utasahau. Goti linaendeleaje? Jibu lako nalijua, utasema "tunashukuru," kisha utapanda ule mteremko wa maharage kama kijana. Baridi ya Mlalo mwaka huu imekuwaje? Na kifua cha Mama? Mimi na mjukuu wako Neema hatujambo, ila joto la huku Pwani linatukamua hadi basi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nataka maneno haya uyashike mkononi, uweze kumwonyesha mtu. Ni habari ya mdogo wangu Yona na trekta. Soma taratibu, Baba, na usinikatize, ingawa najua utanikatiza.

Unakumbuka nilivyolinunua lile trekta kwenye shamba la mkonge lililofungwa, mwaka ule mume wangu alipofariki na kuniachia ekari hizi za minazi na michungwa. Lilikuwa mkweche. Rangi imebanduka, bomba la moshi limefungwa waya, kiti chake ni gunia. Majirani walicheka, nami nikawajibu kwamba mwalimu hachekwi. Yona akashuka kutoka huko kuja kunisaidia. Sisi watu wa milimani tumezaliwa na jembe la mkono, trekta lingepita wapi kwenye miteremko ile? Lakini yeye alikaa na dereva wa zamani wa mkonge wiki mbili tu, akalijua. Kila asubuhi alipima oili kabla hajanywa chai. Alinilimia, akafyeka chini ya michungwa, akavuta tela la nazi hadi barabarani. Miaka miwili, Baba, trekta lile halikulala porini hata siku moja.

Shida yake ilikuwa rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini. Ilikuwa inavuja, kwa hiyo kila siku lazima uijaze maji. Yona alikuwa anachukua baiskeli na madumu mawili, anakwenda kuteka kisimani kwa Bi Mwanaidi, jirani yetu wa upande wa juu. Kwenda na kurudi ni saa nzima. Na mimi nina kisima changu pale bondeni, hatua chache tu kutoka trekta linapolala.

Siku moja nikamsimamisha. "Wewe Yona, unafuata maji au unamfuata mtu huko kwa Bi Mwanaidi?"

Akacheka. "Dada, maji ya kisima chetu yana chumvi. Hata sisi hatuyanywi."

"Kwani trekta linakunywa chai? Injini haina ulimi. Maji ni maji!"

"Dada Ester, yule dereva wa mkonge alinikataza..."

"Huyo dereva ndiye aliyelinunua?"

Unajua nilivyombeba mgongoni akiwa mtoto, Mama alipokuwa shambani. Yona hajawahi kunijibu mara mbili. Akalaza baiskeli, akashika ndoo, akashuka bondeni. Ndivyo nilivyokosea, Baba. Kwetu maji yanatoka kwenye mwamba, unakinga tu mkono unakunywa. Nimeishi Pwani miaka yote hii, nafulia maji ambayo sabuni haitoi povu, na bado akili yangu iko Mlalo.

Yona alijaza maji yale mwaka mzima, kwa amri yangu. Kisha mwezi wa nne, tela limejaa nazi, trekta likachemsha katikati ya njia. Moshi mweupe, kishindo kimoja, kimya. Oili ilitoka imekuwa kama chai ya maziwa. Mimi, hasira zikanipanda, nikamtukana mbele ya wakwezi na wanawake wa sokoni. Nilimwita mzembe. Nilisema ameliua trekta langu. Kisha nikakupigia wewe simu, nikaweka sauti kubwa ili kila mtu asikie.

Ukamuuliza, "Yona, ni kweli anayosema dada yako?"

Akanitazama. Alinitazama muda mrefu, Baba. Nami nikaona ni macho ya mtu mwenye hatia. Kisha akasema, "Ni kweli, Baba."

Kesho yake akafunga nguo zake akarudi nyumbani, nawe ukamwambia mbele ya ukoo asiguse tena mali ya mtu.

Siku tatu baadaye akaja fundi kutoka Muheza, Fundi Shomari, akafungua injini. Akakwangua kitu cheupe ndani ya njia za maji, akakiweka ulimini, akatema. "Mwalimu, hii chumvi, wallahi. Maji hayazunguki, na vyuma vimeliwa vimetoboka. Nani alikuwa anatia maji ya chumvi?"

Nikamwambia sijui.

Hilo ndilo linaloninyima raha. Hasira mtu husamehewa. Lakini siku ile nilishajua, na nikamdanganya fundi wa watu, kisha nikanyamaza miezi minne. Nilikuwa naona aibu. Nilisema moyoni, Yona ni mdogo, atasahau, nitampelekea machungwa sikukuu. Mtu mzima mimi, mwalimu wa watoto!

Juzi Mama akanipigia kwamba barua ya posa ya Yona imerudishwa kutoka Soni. Kwamba babake binti amesema hamwozi mwanawe kwa mtu aliyeharibu mali ya dada yake mjane. Nilikaa chini jikoni pale pale. Mjane anayesemwa ni mimi, na mharibifu ni mimi.

Baba, nakuomba umwite mshenga, mwende naye Soni na barua hii. Isomeni yote mbele ya yule mzee, pamoja na pale nilipomwambia fundi sijui. Msiruke hapo kwa kunionea haya. Na ule ukoo uliokaa kumsikiliza Yona akionywa, ukae tena usikie aliyestahili kuonywa.

Trekta liko chini ya mwembe limefunikwa makuti. Fundi anasema linaweza kufufuka, vyuma vyake vikipatikana. Mimi sina moyo nalo kwa sasa; tumerudi kwenye jembe, na Neema ananilalamikia mikono.

Nisalimie shangazi mkubwa, mwambie dawa yake ya kikohozi ilinisaidia. Msalimie mjomba fundi cherehani na mkewe, na mchungaji wetu mstaafu kama bado anapita hapo kunywa chai. Mama mpe pole zangu, najua atalia.

Yona sikumtumia salamu kupitia kwako, si kwa kusahau. Nimempigia mara nyingi, akapokea mara moja tu. Nilipoanza kusema, akaniambia, "Dada, nilijua utakumbuka. Nilikuwa nakungojea umwambie Baba." Kisha akakata. Sasa nimekuambia, Baba, na nimechelewa.

Mwanao anayekuheshimu,

Ester, mama Neema